Kuunganisha Vihisi, Skrini na Upimaji wa Muda kwenye Kompyuta ya Injini: Kutoka Gari la Mashindano hadi Lori la Isaka

1. Utangulizi

Isaka, iliyopo Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, ni mji wa bandari kavu kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza. Mizigo inayoshushwa kwenye mabehewa hupakiwa katika malori yanayoelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Malori mengi ya siku hizi yana kompyuta ya injini, na wenye malori hutaka kujua kutoka kwenye kompyuta hiyo joto la injini, mwendo wa gari na muda uliotumika safarini.

Maswali hayo yalipata majibu ya kina mapema zaidi katika magari ya mashindano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa njia iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikiwa na kituo chake kikuu Naivasha. Katika mashindano ya ngazi hiyo muda wa kila hatua hupimwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na vumbi na mashimo huitikisa kila nyaya. Makala hii inafafanua jinsi vihisi, skrini na upimaji wa muda vinavyounganishwa na kompyuta ya injini. Hoja yake ni kwamba namba inayoonekana kwenye skrini haiwezi kuaminiwa mpaka ijulikane imetoka kwenye kihisi gani, imepita njia ipi na imewekewa muda na saa ipi.

2. Kihisi na waya wake

Vihisi vingi vya shinikizo hupewa umeme wa volti 5 na kurudisha volti 0.5 hadi 4.5. Kihisi cha shinikizo la oili chenye kipimo cha baa 0 hadi 10 hubadilika kwa volti 0.4 kwa kila baa. Fundi akiunganisha ethi ya kihisi hicho kwenye bodi ya gari badala ya kuirudisha kwenye kompyuta, umeme mwingi unaopita katika bodi feni au taa zinapowaka huweza kuleta tofauti ya volti 0.1 kati ya ethi hizo mbili. Tofauti hiyo ni kosa la baa 0.25, ingawa kihisi chenyewe ni kizima. Kwa sababu hiyo, ethi ya vihisi hutenganishwa na ethi ya mitambo inayotumia umeme mwingi.

Kihisi cha joto kina tatizo jingine. Ukinzani wake hupungua joto linapopanda, na kompyuta husoma volti inayopatikana kati ya kihisi hicho na kikinzani kilicho ndani yake. Skrini ya ziada ikiungwa kwenye waya huohuo, nayo ikiwa na kikinzani chake kinacholeta umeme wa volti 5, volti hupanda. Kompyuta hudhani kwamba injini ni ya baridi kuliko ilivyo, na katika injini ya petroli huongeza mafuta pasipo sababu. Kifaa kilichowekwa ili kuitazama injini huwa kimebadilisha utendaji wake. Njia iliyo salama ni kuweka kihisi cha pili kwa ajili ya skrini, au kuchukua kipimo ambacho kompyuta imekwisha kukisoma.

3. Mtandao wa CAN

Kipimo hicho hupatikana katika mtandao wa CAN, uliobuniwa na kampuni ya Bosch na kutangazwa mwaka 1986. Mtandao huu hutumia waya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila mwisho una kikinzani cha omu 120. Umeme ukiwa umezimwa, kipimo kati ya waya hizo mbili kinapaswa kukaribia omu 60. Kikisoma 120, kikinzani kimoja kimekosekana au waya umekatika. Kikisoma takribani 40, mtu ameongeza kikinzani cha tatu.

Malori hutumia kanuni iitwayo J1939, ambayo mwendo wake wa kawaida ni biti 250,000 kwa sekunde. Kasi ya injini husafirishwa kwa baiti mbili, ile ndogo ikitangulia, na thamani yake huzidishwa kwa 0.125. Zikifika baiti 224 na 46, thamani ni 46 mara 256 kujumlisha 224, yaani 12,000; injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Baiti hizo zikisomwa kinyume, jibu huwa zaidi ya 7,000, na fundi yeyote wa dizeli atalitambua kuwa haliwezekani.

Kosa la joto ni gumu zaidi kutambuliwa. Joto la maji ya injini hutumwa kwa baiti moja, ambayo hupunguzwa 40. Baiti ya 130 ni nyuzi 90 za Selsiasi, hali ya kawaida kabisa. Aliyeandika programu ya skrini akisahau kupunguza 40, dereva ataona 130 na kusimamisha lori porini bila sababu. Baada ya hayo kutokea mara kadhaa atazoea kuipuuza skrini, hata siku injini itakapochemka kweli.

Aidha, kifaa cha ziada kinapaswa kuwekwa katika hali ya kusikiliza tu. Kikiwekewa mwendo usio sahihi wa biti na kuruhusiwa kutuma, huweza kuvuruga mawasiliano ya injini, breki na gia.

4. Upimaji wa muda

Katika uwanja wa mashindano, mstari wa kuanzia huwekwa kama jozi ya viwianishi vya GPS, na kifaa hukokotoa wakati gari lilipouvuka. Kwa kilomita 72 kwa saa gari husafiri mita 20 kwa sekunde. Kifaa kinachopima mara moja kwa sekunde kikiliona gari mita 15 kabla ya mstari, kisha mita 5 baada yake, hukadiria kwamba mstari ulivukwa baada ya sekunde 0.75. Kupima mara 10 kwa sekunde hupunguza nafasi hiyo hadi mita 2, na makadirio huwa bora zaidi.

Lori linalokwenda Rusumo na kurudi Isaka halihitaji usahihi huo, dakika zinatosha. Hata hivyo, katika machimbo ya wazi ya dhahabu ya ukanda wa Geita, lori hupakia, hupanda, humwaga na kurudi, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi kwa zamu. Sekunde chache zinazopotea katika kila mzunguko hujumlika. Swali linaloulizwa ndilo linaloamua kiwango cha usahihi kinachohitajika.

Jambo lisilobadilika ni saa. Data za injini na za GPS ziandikiwe muda na kifaa kimoja. Zikitoka katika saa mbili zinazotofautiana kwa sekunde mbili, breki iliyokanyagwa kabla ya kona itaonekana kukanyagwa baada yake.

5. Namba kama ushahidi

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, hutumia mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi. Hapo namba ya mwendo huwa ushahidi unaogusa riziki ya dereva. Mwendo unaosomwa kwenye dashibodi hutokana na mzunguko wa magurudumu, na hutegemea ukubwa wa tairi uliowekwa katika kompyuta. Tairi zikibadilishwa kwa nyingine zenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5, dashibodi itaonesha 80 wakati gari linakwenda 84. Dereva atakuwa anasema kweli kuhusu alichokiona, na GPS itakuwa sahihi kuhusu mwendo halisi.

6. Hitimisho

Mgongano wa namna hiyo hauamuliwi kwa kuchagua kifaa kimoja na kukataa kingine. Huamuliwa kwa kumbukumbu za ufungaji zinazoonesha ethi ya kila kihisi, kanuni ya kusoma kila ujumbe, ukubwa wa tairi na saa iliyotumika. Timu za mashindano hutunza kumbukumbu hizo kwa sababu ushindi huamuliwa na sehemu ndogo za sekunde. Katika barabara inayotoka Isaka kuna sababu kubwa zaidi ya kuzitunza, kwa kuwa bila kumbukumbu hizo dereva anayeshtakiwa kwa mwendo kasi hana cha kujitetea, na anayemshtaki hana cha kuthibitisha.