Alama ya C

Sogeeni karibu, wanangu. Na yule anayechezesha miguu asijikaze kuituliza, maana hadithi ya leo ni yake.

Huko Baltimore, Marekani, palikuwa na mvulana anayeitwa Michael Phelps. Alipokuwa na miaka 10 aliingia mashindano ya kuogelea akashika nafasi ya pili. Nafasi ya pili si haba, lakini yeye aliing'oa miwani yake ya kuogelea akaibwaga kando ya bwawa, mbele za watu. Mama yake, Debbie, ambaye alikuwa mwalimu wa shule, aliyaona yote kutoka jukwaani. Wakiwa njiani kurudi nyumbani walizungumza: kushindwa kwa adabu kuna uzito uleule wa kushinda. Kisha wakapatana alama. Kila atakapomwona mwanawe ameanza kuchemka, mama atakunja vidole vya mkono mmoja vitoe umbo la herufi C. Maana yake: jitulize. Hakuna kuitwa kwa kelele, hakuna kuaibishwa mbele za watu.

Michael alikuwa amekwisha kupimwa na daktari akiwa na miaka 9, akakutwa na ADHD. Mwalimu mmoja alimwambia Debbie kwamba mwanawe hataweza kamwe kutuliza akili kwenye jambo lolote. Mtoto huyo alikuja kupata medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu, na hakuna mwanadamu mwingine aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Lakini sikuwaita hapa kwa ajili ya medali. Watoto wengi wenye ADHD hawatavaa medali yoyote, na hawaihitaji ili wapendwe. Nimewaita kwa ajili ya kisa kidogo cha jikoni. Siku moja Debbie alikuwa akipika chakula cha jioni, mambo yamemzidi, hasira ziko puani. Michael akamtazama, akakunja vidole. C!

Debbie mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hicho baadaye, kwa furaha. Alama aliyoibuni kumsaidia mtoto, mtoto naye aliitumia kumsaidia mama.

Sasa, ADHD ni nini? Ni namna ubongo wa mtu unavyokua na kufanya kazi, ambayo humpa shida ya kushikilia mawazo mahali pamoja, kukaa kitako, au kusubiri kabla ya kutenda. Wengine wana shida zote tatu. Wengine, hasa wasichana, hawarukiruki hata kidogo. Mwili uko darasani, mawazo yamekwenda zake, na kwa kuwa hawamsumbui mtu, hakuna anayewagundua. Duniani, katika kila watoto 100, karibu 5 wanayo. Darasa lenye wanafunzi 60 huenda lina watatu.

Nyuma ya paji lako la uso kuna sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya konda wa daladala: nani apande, nani asubiri, tusimame wapi, tuondoke lini. Kemikali ziitwazo dopamini na noradrenalini husaidia amri zake zifike. Kwa mwenye ADHD amri hizo hazifiki sawasawa, basi abiria wote hupanda kwa mkupuo: sauti ya mwalimu, nzi wa dirishani, njaa, wimbo wa jana usiku. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza walichokiona kwenye picha za bongo za mamia ya watoto. Kwa wenye ADHD, tabaka la nje la ubongo hukomaa kwa mpangilio uleule wa watoto wengine, ila huchelewa kwa wastani wa miaka 3, na sehemu ya mbele ndiyo inayochelewa zaidi. Ndiyo maana mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa hodari wa kusoma, na bado kusubiri zamu kukamshinda utadhani ana miaka 7.

Mtu atauliza: mbona kwenye mpira anatulia? Kwa sababu jambo analolipenda huuamsha ubongo wake lenyewe. Michael aliweza kukaa saa nne kwenye mashindano akisubiri dakika zake chache za kuogelea. Mama yake aliuona mlango huo akaupitia. Mtoto hapendi kusoma? Akampa kurasa za michezo za gazeti. Hapendi hesabu? Akamwomba mwalimu wa ziada amtungie maswali ya kuogelea: ukienda mita 3 kwa sekunde, mita 500 utazimaliza kwa muda gani? Hebu lipige hesabu na wewe.

Majirani nao hawakosi la kusema. Amedekezwa huyo. Amekula sukari nyingi. Mwaka 1994 lilichapishwa jaribio moja zuri sana. Akina mama kadhaa waliambiwa wana wao wamenyweshwa kinywaji cha sukari, kumbe hakikuwa na sukari hata chembe. Walioambiwa hivyo waliwaona wana wao wakirukaruka kuliko akina mama wengine walivyowaona wa kwao, na wakawakosoa zaidi. Sukari haikuwamo kwenye kikombe; ilikuwa kwenye macho ya mtazamaji. Basi tuseme waziwazi: sukari haileti ADHD, na malezi mabaya hayaileti. Viboko haviiondoi. Chanzo kikubwa ni urithi. Watafiti waliolinganisha mapacha wamekuta kwamba urithi una nguvu kwenye ADHD karibu kama ulivyo na nguvu kwenye urefu wa mwili.

Sasa fikirini. Ikiwa mtoto ameirithi, ameirithi kwa nani?

Hadithi ya pili nimeitunga mimi, ila hakuna kilichomo ambacho hakitokei. Morogoro, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti wa darasa la nne ameshika kiatu kimoja, cha pili hakionekani. Mama anaingia chumbani kumsaidia kukitafuta. Anaona nguo hazijakunjwa, anaanza kuzikunja. Anakumbuka chai, anakimbia jikoni, chai imekwisha kufurika na kuzima jiko. Mara umeme unakatika. LUKU imeisha, wala si kwa kukosa hela. Hela iko kwenye simu tangu juzi, amesahau tu kununua. Mama anapaza sauti, binti analia. Kaka mtu, wa darasa la saba, amesimama mlangoni na mkoba mgongoni, amevaa tangu zamani, amenuna.

Siku wanayokwenda hospitali ya rufaa, daktari anauliza maswali mengi. Shida ilianza kabla ya miaka 12? Iko shuleni tu, au na nyumbani? Kisha anamgeukia mama: "Na wewe, mama, ulipokuwa darasa la nne ulikuwaje?"

Mama anakaa kimya. Aliitwa mzembe. Aliitwa kichwa maji. Alipoteza daftari, sweta, nauli, akachapwa kwa kila kimoja, akakua akiamini kwamba hana maana. Watu wazima wengi huijua ADHD yao kwenye kiti hichohicho, walipompeleka mtoto. Kwa wengi haiishi utotoni. Miguu hutulia, lakini kile kisichotulia huhamia ndani.

Mara nyingi wazazi huambiwa: mpangie mtoto ratiba, na umkumbushe. Ushauri mzuri, lakini hapa anayetakiwa kukumbusha ni msahaulifu pia! Nyumba ya namna hii inahitaji kumbukumbu zitoke vichwani zikakae mahali zinapoonekana. Basi binti na mama wananunua ubao mdogo na chaki, wanautundika kando ya mlango. Binti anachora: kitanda, mswaki, sare, kikombe, viatu, mkoba. Chini yake kuna mstari wa mama: funguo, simu, LUKU. Viatu vyote vinalala kwenye beseni la bluu chini ya ubao, usiku, kabla ya mtu kulala. Mama anaacha kusema "Jiandae haraka tuondoke" na kuanza kusema "Vaa sare." Binti anaitika "Abee, mama," anavaa, anasifiwa palepale, kisha ndipo linapokuja la pili. Jioni binti anafanya hesabu mezani na mama anachambua mchele kandokando yake. Hawasaidiani chochote, ila kila mmoja akimwona mwenzake yuko kazini, naye anabaki kwenye kazi yake.

Nao wana alama yao: kushika sikio. Yeyote anayemwona mwenzake anachemka anashika sikio lake mwenyewe, na aliyeonyeshwa anatoka uani mpaka apoe. Mama akishapaza sauti anaomba radhi, kwa maneno kamili, kama anavyomtaka binti aombe.

Daktari anaweza pia kutoa dawa, ambazo huzipa nguvu zile kemikali za konda. Michael alizitumia kwa muda, kisha akaomba kuacha, na daktari akakubali apunguziwe taratibu. Wengine huendelea nazo hadi ukubwani. Hilo ni la daktari na familia, na dawa ya mtu haigawiwi rafiki hata kwa wema.

Nabaki na kaka mtu, ambaye hadithi nyingi humsahau. Yeye hana ADHD. Ndiye aliyekuwa akijua funguo ziko wapi, ndiye aliyemkumbusha mama karo na kumbebea mdogo wake daftari, na hakuna aliyemuuliza yeye anahitaji nini. Mtoto kumshikia mama sikio ni msaada. Mtoto kugeuka kichwa cha mama, kila siku, ni mzigo usio wake, hata akiubeba vizuri. Siku moja aliusoma ubao wote akauliza, "Mama, mimi mbona simo?" Mama akampa chaki. Akaandika: Jumamosi, mama na mimi, uwanjani. Mama hakuahidi kwamba atakumbuka. Alichukua simu palepale akaweka kengele mbili, moja ya kujiandaa na moja ya kuondoka, kisha akampa kaka mtu ahakikishe kwamba ni za saa tisa alasiri na si saa tisa usiku.