Fungu la Binti si Sadaka

Ni jambo la kusikitisha, ndugu wasomaji, kwamba katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu hata Vanga, bado wako mabinti wanaoambiwa baada ya hitima ya baba yao: "Wewe umekwisha kuolewa, una kwa mumeo. Minazi hii na nyumba hii ni ya ndugu zako." Naye binti, kwa kuona muhali kuwashitaki ndugu wa tumbo moja, huinamisha kichwa akanyamaza. Miaka hupita, waliomdhulumu nao hufa, na wajukuu huja kugombana juu ya kiwanja ambacho hapana ajuaye nani ana fungu gani.

Dhuluma hii si ya leo. Katika mwaka wa 3 wa Hijra, Saad bin Rabii aliuawa vitani Uhud akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akaichukua mali yote. Mjane akawapeleka wanawe kwa Mtume (S.A.W.), akashitaki kwamba mabinti wasio na kitu hawataolewa. Zikateremshwa aya za mirathi zilizomo katika Sura An-Nisaa. Yule ami akaamriwa awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki ndicho chake. Angalieni mpango huo: ami, mwanamume mtu mzima, alitajwa mwisho.

Wako wasemao kuwa dini imempa mwanamume mafungu mawili, basi mwanamke hana neno. Mafungu mawili ni kweli, kwa kuwa mume ndiye alipaye mahari na kulisha nyumba. Lakini fungu moja la binti nalo limeandikwa papo hapo. Tufanye hesabu. Mtu amekufa, wazazi wake walimtangulia, ameacha mke, wana wa kiume 3, binti 1 na minazi 80. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ambao hauzidi thuluthi wala hapewi mrithi. Tuseme hapana deni wala wasia. Mke apata thumni, minazi 10. Katika 70 iliyosalia, kila mwana wa kiume apata 20 na binti 10. Anayemnyima binti hiyo 10 hakumnyima kwa dini, ameila.

Na aliye mdogo hali yake ni nzito zaidi, maana hajui hata kudai. Qurani imewaonya walao mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa moto ndio waujazao matumboni mwao.

Sheria ya nchi nayo haikutufungia mlango. Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika Julai 1981, Waislamu wengi walilalamika. Ikarekebishwa mwaka 1990 ili mirathi ya Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imemwachia Kadhi mashauri ya mirathi pale wote wanaohusika ni Waislamu na wameikubali mahakama yake. Mlango u wazi; kinachozuia ni haya.

Basi wazazi na waandike mali zao na madeni yao wangali hai, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Nanyi ndugu wa kiume, baba akishazikwa, mwiteni dada yenu kabla yeye hajawaita kwa Kadhi. Akipenda kuwaachia fungu lake, na alishike kwanza mkononi, kisha ndipo atoe. Muhali si ridhaa.