Tuulize Kabla ya Kuomba Kazi

Mama mmoja wa Mukuyuni, kaunti ya Makueni, alitusimulia habari za bintiye. Binti huyo ana stashahada ya teknolojia ya chakula, na mwaka mzima amekuwa akituma barua za maombi pasi na jibu. Sasa wakala anamdai fedha ili ampeleke Ghuba kufanya kazi za nyumbani. "Hatuna mtu wa kutushika mkono," alisema mama.

Tulimwuliza: kati ya wanunuzi wa maembe hapo sokoni, hakuna anayeyapeleka Kalamba, kwenye kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda? Alifikiri kidogo, akasema yupo mmoja, ila huamkiana tu.

Mtu wa kuamkiana tu ndiye mara nyingi afunguaye mlango. Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu. Waliosaidiwa na mtu wa kuonana naye mara kwa mara hawakufika mmoja katika kila watano. Jamaa zetu wanajua yale tunayoyajua sisi. Mtu wa mbali hufika tusikofika.

Mnunuzi huyo asiombwe kazi. Aombwe amkutanishe binti na mfanyakazi wa kiwandani kwa mazungumzo ya robo saa. Binti aulize: Siku yako ya kazi huendaje? Ni ujuzi gani hukuupata chuoni? Nafasi za msimu hutangazwa wapi? Nani mwingine nizungumze naye? Swali hili la mwisho lisisahauliwe, kwani ndilo lizaalo mengine. Aende na mama au nduguye, wakutane mahali pa wazi, na ashukuru siku hiyo hiyo. Huku si kutafuta upendeleo wala kutoa hongo. Ni kutafuta elimu, na kuuliza si ujinga.

Kuhusu wakala, asilipwe hata shilingi kabla ya kuthibitisha usajili wake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Tukumbuke kisa cha Surat Al-Qasas. Aliyemwambia babake amwajiri Nabii Musa, amani iwe juu yake, alikuwa binti, akamsifu kwa nguvu na uaminifu. Hawakuwa na udugu wala ujirani. Walikutana kisimani tu, Musa akawanyweshea wanyama wao. Nasi tuwapeleke mabinti zetu visimani, wajema waonekane.