MICHEZO NAYO NI ELIMU

Jioni huko Manzese vijana wetu hucheza kandanda vumbini. Aumiapo mmoja goti, wenzake humkanda kwa maji ya moto, nao moto juu ya jeraha bichi huzidisha uvimbe. Wengi mchezo wao huishia hapo. Twasema si majaliwa. Ni uchache wa wajuzi.

Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, kisha akawa mwalimu wa riadha.

Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jirani ya Manzese, hufundisha sayansi ya michezo. Basi ndugu wazazi, kijana atakaye shahada ya juu ya kutibu wachezaji au kuendesha vilabu asichekwe. Asaidiwe karo.