Mtoto anapotaka kuacha kemia

Jumapili moja jioni dada yangu anayeishi Kisarawe alinitumia picha kwa WhatsApp. Nilidhani ni picha za harusi tuliyotoka, kumbe ni ukurasa wa daftari la mwanawe, umejaa alama nyekundu. Chini akaandika: "Mdogo wangu, huyu anasema kemia basi, anahamia sanaa. Nimwachie?"

Mtoto ndiyo kwanza ameingia kidato cha tatu. Sanaa si aibu, mimi nimesoma sanaa na ugali naupata. Lakini huyu tangu mdogo anasema atakuwa tabibu, na vyuo vya afya, iwe uuguzi, utabibu au famasia, vinataka kemia. Nikasema aje kwangu Kibaha mwisho wa wiki. Alifika na daftari lake na uso wa mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

Sikumfundisha kemia kwa sababu siijui. Nilimwomba anifundishe yeye, kwa Kiswahili. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari akakutana na Kiingereza kila kona, akawa anakariri. Nilipomuuliza ile 2 ndogo kwenye H₂O ni ya nini, akanyamaza. Tukafungua madokezo yake: haidrojeni mbili, oksijeni moja. Na 2 kubwa ikikaa mbele? Ni maji mara mbili. Alama nyingi nyekundu zilitoka hapo. Kila aliposawazisha mlinganyo alikuwa anabadili namba ndogo. Ukiongeza 2 ndogo kwenye oksijeni ya maji unapata H₂O₂, haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Hayo si maji tena.

Kisha moli. Namba yake ilimtisha, 6.02 mara 10 kwa kipeo cha 23. Nikamuuliza trei la mayai lina mangapi. "30." Na trei la mayai ya kware likijaa 30? Idadi ni ile ile, uzito tofauti. Moli nayo ni trei, ila la vitu vidogo mno. Moli moja ya kaboni ina gramu 12. Ya chumvi ya mezani ina gramu 58.5, yaani sodiamu 23 na klorini 35.5.

Tukahamia kwenye mkaa, ambao mtoto wa Kisarawe anaujua vizuri. Tuuchukulie kuwa kaboni tupu (si kweli, majivu yapo). Gramu 12 zikiungua vizuri huchukua gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za hewa ukaa. Akapiga hesabu ya kilo moja, akapata karibu kilo 3.7, akafuta. Akarudia, ikaja ile ile. "Mama mdogo, kilo moja inatoaje zaidi ya tatu?" Sikumjibu, nikaenda kugeuza chapati. Baada ya muda nikasikia kutoka sebuleni: "Uzito mwingine umetoka kwenye hewa!"

Hapo akaongeza mwenyewe kwamba hewa ikiwa haba mkaa hutoa CO badala ya CO₂. Ndiyo ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Pengo ni hiyo 2 ndogo aliyokuwa akiichezea.

Mzazi mwenzangu, kazi yangu siku ile ilikuwa kuuliza "gramu au moli?" kila mstari, na kukataa jibu lisilo na kipimo. Simu tuliiweka mbali, maana programu za kutoa majibu haziingii chumba cha mtihani. Swali lililotushinda, la ujazo wa gesi, alilipeleka kwa mwalimu wake Jumatatu. Kabla ya kulala nikampa moja la utabibu: dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, ni moli ngapi? Alipata 0.15.

Jaribio lililofuata alipata 41. La kabla yake alipata 18. Dada anasema karatasi ya kuchagua masomo bado iko mezani, na kwenye kemia kijana ameweka alama ya vema, kwa penseli.