Sukari adimu yabisha hodi kwenye soko la dawa za ukungu

Geuza jani la tango lililopata ubwiri vinyoya asubuhi ya umande. Juu lina madoa ya njano yenye pembe, maana ugonjwa huishia kwenye mishipa ya jani. Chini kuna manyoya mepesi ya kijivu yanayokaribia zambarau. Manyoya hayo ndiyo hubeba vijimbegu vya ugonjwa, na upepo ukivuma, shamba la jirani nalo limo hatarini.

Mwaka 2020, watafiti wa kampuni ya Mitsui Chemicals Agro na Chuo Kikuu cha Kagawa, Japani, walitangaza kwamba ugonjwa huu unazuilika kwa kitu ambacho mtu anaweza kutia kwenye chai yake. Kinaitwa tagatosi. Ni mojawapo ya sukari adimu, yaani zile ambazo maumbile huzitoa kwa uchache mno. Hupatikana kidogo katika bidhaa za maziwa na katika utomvu wa Sterculia setigera, mti wa savana za Afrika. Utamu wake ni takriban asilimia 92 ya sukari ya kawaida.

Sukari inauaje kimelea? Kwa kumdanganya. Kimeng'enya chake cha kushughulikia fruktosi huipokea tagatosi kama chakula, lakini kinachotoka hapo huziba hatua inayofuata, na kimelea hukosa nguvu pamoja na malighafi ya kujijenga. Hushindwa kupenya jani, hushindwa pia kuzaa vijimbegu. Alosi, sukari nyingine adimu, hufuata njia tofauti: kwenye mpunga huamsha kinga ya mmea wenyewe dhidi ya bakteria.

Dawa hii huchagua adui. Watafiti wa Fondazione Edmund Mach, kaskazini mwa Italia, waliona tagatosi ikimdhoofisha Phytophthora infestans, anayeleta bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya, huku ndugu yake Phytophthora cinnamomi, anayeozesha mizizi ya parachichi, akiendelea kukua. Kwa viumbe wa udongo wasio na madhara ni jambo jema. Kwa muuzaji, soko linapungua.

Mahitaji yapo. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa mankozebu, dawa ya ukungu iliyotegemewa kwa miongo mingi. Shaba, tegemeo la wakulima wa kilimo hai, imewekewa kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka saba. Metalaksili, dawa nyingine ya ukungu, nayo ilianza kuzoewa na vimelea vya bakajani chelewa tangu mwaka 1980.

Tatizo ni bei, na bei haiamuliwi shambani. Mwaka 1991, Profesa Ken Izumori alipata, katika udongo wa nyuma ya mgahawa wa kitivo chake cha kilimo huko Kagawa, bakteria mwenye kimeng'enya kinachogeuza sukari za kawaida kuwa adimu. Lakini kutoka maabara hadi kiwandani ni safari ndefu. Kampuni za Arla na Nordzucker ziliungana kutengeneza tagatosi Ujerumani kuanzia 2003, kisha zikasimamisha uzalishaji 2006 kwa kukosa wanunuzi wa kutosha. Siku hizi kampuni za Hershey na ASR Group zimewekeza katika kampuni ya Bonumose ya Virginia, Marekani, inayoitengeneza kutokana na wanga. Fedha hizo zinafuata chokoleti na vinywaji. Mkulima atafaidika tu ikiwa walaji wa peremende watainunua kwa wingi na kuishusha bei.

Mlete hapa mkulima wa viazi wa Njombe au Nyandarua, mwenye bomba la lita 16 mgongoni. Mankozebu humtaka takriban gramu 40 kwa bomba. Tagatosi, hata kwa mchanganyiko wa asilimia moja tu, ingemtaka gramu 160. Kilo zikilingana bei, bado gharama ni mara nne, na msimu wa mvua hupiga dawa karibu kila wiki. Kumwambia aache dawa anayoimudu kwa sababu Ulaya imeiacha ni kumwonea.

Mnunuzi wa kwanza wa Afrika Mashariki pengine atakuwa mwingine: anayesafirisha mboga mbichi Ulaya, ambako shehena hupimwa masalia ya dawa na inaweza kukataliwa bandarini. Kwake, sukari inayoliwa mezani ina thamani ambayo mizani ya kilo haionyeshi, na hesabu yake inaanzia kwenye gharama ya kontena moja lililorudishwa.