Viungo vya Kubeba Mlimani

Anayejiandaa kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, shanta mgongoni, huanzia hesabu za chakula kwenye mizani, na ana haki. Hakuna atakayekubali kupandisha viazi na nyanya za siku nne hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Hubaki vikavu: mchele, tambi, dengu zilizokobolewa, unga wa uji, dagaa, karanga. Mwili hauna ugomvi na vyakula hivyo. Mgomvi ni ulimi. Jioni ya kwanza sufuria hufutwa kwa kidole. Jioni ya tatu wali ule ule hubaki nusu, tena siku ambayo miguu imefanya kazi kuliko zote. Kila mtu husema ni mlima, na kweli mwinuko hupunguza hamu ya kula. Lakini sehemu ya lawama ni ya sufuria, na hiyo ndiyo inayorekebishika kwa gramu chache za viungo, mradi vichaguliwe kwa kigezo ambacho wengi hukisahau: visifanane.

Kigezo hicho kina ushahidi. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake wa Oxford walichapisha majaribio yaliyolinganisha watu waliopewa chakula cha namna moja na waliopewa cha namna mbalimbali. Waliokula mikate yenye vijazo vinne tofauti walikula karibu theluthi moja zaidi ya wale wa kijazo kimoja. Maana yake ni kwamba mtu huikinai ladha iliyomo mdomoni kabla tumbo halijashiba, na ikija ladha nyingine hamu huamka. Hadi hapo mpenda viungo atashangilia. Ila watafiti hao walijaribu pia mtindi. Walipotoa wa aina tatu zinazoachana kwa ladha, kwa rangi na hata kwa ulaini wake mdomoni, ulaji uliongezeka. Walipotoa wa stroberi, rasiberi na cheri, yaani ladha zilizo karibu karibu, ulaji haukuongezeka. Jaribio hili la pili ndilo linalomhusu zaidi mbeba shanta. Anayefunga bizari ya pilau, bizari ya biriani na bizari ya mchuzi amebeba pakiti tatu za ukoo mmoja, kwa kuwa bizari nyembamba na wenziwe wamo katika zote. Amebadilisha jina la chakula, chakula chenyewe kiko pale pale.

Kwa hiyo badala ya kuhesabu pakiti, afadhali kuchagua pande tatu zilizo mbalimbali. Upande wa kwanza ni wa pilau: bizari nyembamba, pilipili manga, karafuu mbili tatu. Huu wengi wanaujua na hauhitaji maelezo. Upande wa pili ni wa harufu tamu: iliki, mdalasini, tangawizi kavu, kungumanga kidogo. Kazi yake ni uji, chai na wali wa maziwa ya unga, na ndio unaookoa asubuhi, wakati ambapo kichwa kinauma kwa mwinuko na hakuna anayetaka kusikia habari za kitunguu. Upande wa tatu ndio husahaulika, nao ni uchachu na ukali: ukwaju mkavu, unga wa embe mbichi, ndimu kavu, pilipili. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba mchuzi wa dagaa usio na kitu kichachu haujakamilika, lakini nyanya na ndimu mbichi zikiachwa nyumbani kwa sababu ya uzito, uchachu nao huachwa bila mtu kukusudia. Ndimu kavu za Omani, zile ngumu zenye rangi ya kahawia au nyeusi ambazo wapishi wa huko huzitoboa na kuzitumbukiza kwenye mchuzi, ni kama zimeundwa kwa safari: haziozi, hazipondeki, na moja ina uzito wa gramu chache tu. Tahadhari moja: kitu kichachu kikitangulia katika dengu, dengu huchelewa kulainika. Zilainike kwanza, ndipo uchachu uingie.

Uchachu una sababu nyingine ya kupewa nafasi. Shirika la ndege la Lufthansa liliwahi kuwaomba watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, wachunguze kwa nini chakula kinachopendeza ardhini hupooza angani. Katika shinikizo dogo la hewa na ukavu wa ndani ya ndege, ladha ya chumvi na ya sukari ilififia, lakini uchachu haukupungua sana. Mlima si ndege, na kelele za injini nazo zina mchango wake katika jambo hilo. Hata hivyo hewa nyepesi, ukavu na pua iliyoziba kwa baridi vipo Shipton's vilevile, na mpishi anayejibu chakula kilichopooza kwa kuongeza chumvi pekee anategemea ladha ambayo huenda ndiyo iliyodhoofika.

Halafu kuna suala la moto. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 94. Shipton's ni kama 86. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyapandishi joto, huyakausha tu na kumaliza gesi. Ndiyo sababu maharage makavu hayafai kupelekwa huko, na ndiyo sababu kijiti cha mdalasini kilichotupwa kwenye sufuria hakitoi harufu upesi kama kinavyotoa nyumbani. Mafuta hayafungwi na sheria hiyo. Yanaweza kupata moto ule ule Shipton's kama Mombasa, na viungo vingi huachia harufu yake kwenye mafuta kwa wepesi kuliko kwenye maji. Kwa hiyo samli au mafuta yatangulie sufuriani, bizari nyembamba iingie nzima na iachwe mpaka ianze kupasuka na kuhama rangi, kisha pilipili manga iliyopondwa, na maji yafuate mara moja kabla havijaungua. Kazi yote haizidi dakika moja. Anayetia viungo mwishoni, juu ya wali ulioiva, hupata vumbi mdomoni na harufu kidogo.

Kuhusu kuvipata, Darajani, Kariakoo na Marikiti ya Mombasa huuza kwa kipimo kidogo, na kidogo ndicho kinachotakiwa. Kwa watu wawili na siku nne, viungo vya pande zote tatu vinaweza kutosha kwa gramu 80, pungufu ya nyanya moja ya wastani. Vinunuliwe vizima. Kiungo kilichosagwa hupoteza harufu mapema, na tena hakikaguliki: mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu pilipili ya unga iliyotumika ilikuwa imetiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1. Kizima hujieleza. Bonyeza ukucha kwenye kichwa cha karafuu: iliyo hai hutoa mafuta kidogo, iliyokwisha hukatika kavu. Ipasue iliki, mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata, si za kijivu zinazochezacheza ndani ya ganda. Mdalasini uwe ule mwembamba, wenye matabaka mengi yaliyokunjana kama karatasi, maana huo huvunjika kwa vidole kambini pasipo kinu. Jioni ya kabla ya safari, kitakachohitaji kusagwa kisagwe, na kila upande ufungwe peke yake, la sivyo siku ya pili zote tatu zitanukia karafuu.

Wapo watakaosema mwenye njaa hana miiko, na kwa matembezi ya siku moja wana haki. Nani atabishana na kachori na chai ya chupa? Hoja yao hulegea kuanzia siku ya tatu, kwa sababu tatizo la mwinuko ni kwamba njaa yenyewe haiji ilhali mwili unaihitaji. Wengine watatetea vidonge vya mchuzi vya dukani. Ni vyepesi na vya bei nafuu, lakini kwa kawaida chumvi ndiyo inayotangulia kwenye orodha ya vilivyomo. Kimoja au viwili vibebwe kwa ajili ya chumvi inayopotea kwa jasho, si kwa kutegemea vilete ladha tofauti.

Pingamizi lenye uzito ni la tumbo. Pilipili huamsha kiungulia kwa wenye nacho, na mlimani choo kiko mbali na usiku ni baridi. Jibu ni pilipili kukaa kando, kila mtu ajitilie kwenye sahani yake. Uchachu na harufu vitaendelea bila yake. Lipo pia jambo lisilosemwa mara nyingi: viungo vikavu, sawa na mchele, huweza kuwa na chembe za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa na huamka wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi. Pilau la jioni lililofunikwa ndani ya hema lenye joto la watu watatu si la kuliwa alfajiri. Kipimo cha mchele kipunguzwe ili sufuria iishe, na alfajiri upikwe uji wa iliki.